Jibu: Damu imekata, je niache dawa?

Waalaykum salaam dada wa Wete. Nimekuelewa hivi: una vidonda vya utumbo mpana, damu kwenye choo imekata, unataka kuacha mesalazini (dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo), lakini bado unabanwa na haja ghafla hata daladala ya Chake unaiogopa.

Dawa usiache. Nami nina vidonda hivi vya utumbo mpana, na damu kukata ni hatua ya mwanzo tu. Ndani panaweza kuwa bado pamevimba. Miongozo ya kimataifa ya 2021 inataka zaidi: choo kirudi kawaida, kalprotektini kwenye choo (kipimo kinachoonyesha uvimbe wa utumbo) ishuke, utumbo upone ukitazamwa kwa kamera, na mgonjwa aishi maisha yake. Hilo la mwisho ni lengo la matibabu, si kudeka.

Kwa hiyo huko kubanwa kutaje kwanza kwa daktari, usijibu "sijambo" kama tulivyozoea. Mwambie unakwenda chooni mara ngapi, unaamka usiku au la, harusi ngapi umezikosa. Muulize kama uvimbe umebaki karibu na njia ya haja kubwa, maana hapo mesalazini ya kuweka kwa nyuma mara nyingi husaidia kuliko vidonge peke yake. Watu wanaona haya kuitaja. Mimi ndiyo iliyonirudisha kwenye boti ya Unguja.

Dawa za maumivu kama diklofenaki za kujinunulia ziweke kando, huweza kuamsha ugonjwa. Na Ramadhani, panga naye saa za dawa mapema; yangu ya mara moja kwa siku naimeza baada ya futari.

Damu ikirudi na homa, hospitali siku ile ile.