Nimeachana naye, mbona bado ananitawala?

*Shikamoo shangazi. Mwezi wa saba huu tangu nitoke kwa mwanaume aliyenidharau mpaka nikajiona sina akili. Bado namkumbuka, usiku nasoma meseji zake za zamani. Jirani anasema nimelishwa limbwata. (Mikindani)*

Marahaba mwanangu. Hujalishwa kitu, na hela yako usimpelekee mganga. Mtu wa kujiabudu, anayejiona yeye tu ndiye wa maana, hakutesi kila siku. Angefanya hivyo ungeondoka wiki ya kwanza. Anakutukana Jumatatu, Alhamisi anakuletea pweza na maneno matamu, moyo ukazoea kungoja Alhamisi. Unayoikumbuka ndiyo hiyo. Jumatatu zote umezisahau. Chukua daftari, uandike mambo yalivyotokea: alisema nini, mbele ya nani. Yeye alizoea kukwambia "hilo halikutokea, unaota," basi daftari liwe shahidi wako hamu inapokuzidi. Meseji za mahaba zifute. Zenye vitisho zitunze. Kisha warudie dada zako na shoga zako aliokutenga nao, hata kwa aibu. Usingizi ukikataa kabisa, au ukaanza kuwaza kujidhuru, usikae peke yako: nenda hospitali ya Ligula siku hiyohiyo umwone daktari.

*Nitajuaje kama kweli mume wangu wa zamani ana ugonjwa huo wa kujiabudu? (Nachingwea)*

Hutajua, na si kazi yako. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980, lakini anayeupima ni mtaalamu aliyeketi na mhusika mwenyewe. Matusi yalitosha kukutoa pale, hukuhitaji cheti.

*Mke wangu wa zamani hupotea mwaka mzima. Minada ya korosho ikianza tu, anapiga simu analia kwamba amebadilika. Wenzangu kijiweni wananicheka nikisema naumia. (Newala)*

Baba, alichokikumbuka unakijua. Badilisha namba ya siri ya benki kabla malipo ya AMCOS, chama chenu cha ushirika, hayajaingia. Simu yake usiipokee hata kwa kumkaripia. Ukigombana naye nusu saa, ameshajua bado anakuweza. Kijiweni napo usipeleke siri. Tafuta mtu mmoja asiyecheka.

*Tuna watoto wawili. Nitamkataje wakati lazima tuzungumze? (Lindi mjini)*

Humkati, unampunguza. Ongeeni kwa meseji, tena za watoto tu: ada, homa, siku ya kuwachukua. Akiandika matusi ukurasa mzima na swali moja la viatu vya shule, jibu viatu. Watoto wakabidhiwe kwa mjomba wao, si mlangoni kwako. Akigoma kutoa matunzo, Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Vitisho vipeleke Dawati la Jinsia na Watoto, polisi. Wazee wakiitisha kikao ili akuombe radhi, nenda ukipenda, ila usiende kungoja akiri kosa. Kikaoni atalia vizuri kuliko wewe, na mjomba wako alijue hilo kabla hamjaketi.