Mbunge wako yuko Canberra, Australia: utamfuatiliaje?

Nimepata uraia juzi. Nitajuaje mbunge wangu anavyopiga kura? (Msomaji, Mildura)

Hongera sana! Fungua tovuti ya They Vote For You, andika postikodi yako, na utamwona mbunge wako na misimamo yake, sera kwa sera. Inaendeshwa na OpenAustralia Foundation, shirika lisilofungamana na chama chochote.

Ila shika hili: tovuti hiyo huhesabu kura zilizoandikwa majina tu. Mambo mengi huamuliwa kwa sauti, kama kwenye mabunge ya kwetu: wanaoafiki ndiyo, wasioafiki siyo, Spika anatangaza walioshinda, basi. Upande mmoja ukipinga uamuzi wa Spika, ndipo kengele zinalia jengo zima kwa dakika nne, huku mezani kwa makarani mchanga ukishuka kwenye chupa ya kupimia muda. Ukiisha, milango inafungwa. Wa ndiyo wanakaa kuume kwa Spika, wa siyo kushoto, na kila jina linaandikwa. Kwa hiyo mbunge anaweza kuunga mkono jambo kwa miaka na usikute alama yake popote.

Wetu amekosa kura nyingi. Ni mvivu? (Msomaji, Perth)

Usimhukumu bado. Wanadhimu wa vyama, wanaosimamia nidhamu na kura za wabunge wao, hupatana: wako akiwa safarini au mgonjwa, na wetu mmoja hapigi kura. Mimi huanza na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, kisha kamati. Mbunge anayesoma makabrasha utamjua kwa maswali anayowauliza maofisa wa serikali kwenye kamati, wala si kwa kelele za kipindi cha maswali saa nane mchana.

Mbona wa chama cha Labor hupiga kura wote pamoja? (Msomaji, Adelaide)

Chama kinawafunga: kikao chao kikishaamua, hakuna kutoka. Juni 2024, Seneta Fatima Payman wa Labor, kutoka Australia Magharibi, alivuka ukumbi na kuunga mkono hoja ya chama cha Greens ya kulitambua taifa la Palestina. Chama chake kikamsimamisha kuhudhuria vikao vyake, na Julai 4 akajitoa, akabaki seneta huru. Ukiona jina limevuka upande, simama hapo usome kwa makini. Mtu huyo ameweka kazi yake rehani.

Na zawadi je? (Msomaji huyohuyo)

Kila mbunge ana fomu kwenye daftari la maslahi: nyumba, hisa, zawadi, safari alizolipiwa. Kikibadilika kitu, Baraza la Wawakilishi linampa siku 28 kukitangaza. Gharama anazolipiwa na serikali ziko kwa IPEA, mamlaka huru ya gharama za wabunge.

Kuna mtu wa kwetu aliyewahi kuingia? (Msomaji, Mombasa)

Yupo. Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya, alikuwa seneta wa Australia Kusini kuanzia 2017 hadi 2019. Hotuba yake ya kwanza imo kwenye Hansard, neno kwa neno, na kuisoma ni bure hata ukiwa Mombasa.