Kufunga vyuma vya mlango wa gereji: soma namba za bawaba, na springi mwachie fundi

Baridi ya Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, ndiyo iliyonisukuma. Mlango wa zamani wa gereji yetu ulikuwa bati tupu, na chumba cha wanangu kiko juu yake. Ikifika Januari, sakafu ya chumba kile haikanyagiki bila soksi mbili. (Gereji ninayoisema si ya fundi magari. Ni banda la gari lililoshikana na nyumba, na mlango wake umekatwa vipande vinne vinavyopanda kwenye reli na kulala chini ya dari.) Nikaagiza mlango mpya wenye paneli zilizojazwa fomu (povu gumu la kuzuia baridi), upana futi 9, kimo futi 7. Ukaletwa vipande vinne pamoja na boksi la vyuma. Paneli hazikutupa taabu, mimi na shemeji yangu. Taabu ilikuwa kwenye lile boksi, na wengi wetu tunaonunua nyumba huku tunafika siku ya kulifungua bila mtu wa kutueleza kilichomo.

Nianze na jambo ambalo nusura lininyang'anye mkono. Kabla ya kufunga mpya, lazima utoe wa zamani. Nilikuwa nimeshapanda ngazi, spana mkononi, nataka kulegeza skrubu za kichwa cha springi iliyo juu ya mlango. Jirani yangu, mzee seremala aliyestaafu, alikuwa akipita na mbwa wake. Akapiga kelele: usiguse! Akaja mpaka ndani, akanieleza taratibu. Mlango ukiwa umefungwa, springi ile imesokotwa kwa nguvu inayotosha kubeba uzito wa mlango mzima. Ukilegeza zile skrubu bila fimbo za chuma kuishikilia, nguvu yote inaachia kwa mara moja. Inavunja vidole, inavunja kiwiko, inakutupa kutoka kwenye ngazi. Nilishuka. Mpaka leo nikikumbuka jinsi uso wangu ulivyokuwa mkabala na springi ile, moyo unanienda mbio.

Vyuma viwili vya pembe za chini, vile vinavyoshika kebo (waya nene zinazouinua mlango), navyo ni hivyo hivyo. Vimefungwa kwenye nguvu ya springi, kwa hiyo visiguswe mpaka springi iwe imelegezwa. Basi nikaamua hivi: fundi wa milango aje kulegeza springi ya zamani, arudi tena kukaza mpya, na kazi ya katikati tuifanye wenyewe. Nakushauri nawe ugawane kazi hivyo hivyo.

Paneli ya kwanza ndiyo msingi. Kabla hujaisimamisha, funga vile vyuma vya pembe za chini, tia kitanzi cha kebo kwenye pini yake, ingiza rola, yaani gurudumu dogo linalotembea ndani ya reli. Kebo ipite kati ya mhimili wa rola na mwimo wa mlango. Ukikosea hapo utaligundua kosa mwishoni kabisa, kila kitu kikiwa kimeshafungwa. Halafu weka pima maji juu ya paneli. Sakafu ya zege ya gereji haiwi sawa hata siku moja. Yetu upande wa kushoto ilikuwa imeshuka karibu inchi nzima. Tamaa ya kwanza ni kuifuata sakafu ili pasionekane mwanya, lakini usifanye hivyo. Tia kabari za mbao chini ya upande ulioshuka mpaka pima maji ikubali, na mwanya utazibwa na mpira wa chini. Paneli ya kwanza ikiinama, za juu yake zote zitainama, na kebo moja italegea wakati nyingine imekaza. Ncha za juu za reli mbili za wima nazo zilingane, hata kama reli moja itabaki inaning'inia kidogo juu ya sakafu.

Paneli ikishakaa sawa, piga msumari kwenye kila mwimo na uukunje kuishika paneli. Reli bado hazijafungwa, na paneli ya bati na fomu ikikuangukia haikuachi salama.

Sasa bawaba. Hapa ndipo Jumamosi yetu ilipopotea. Bawaba za pembeni, zile zinazobeba rola, zimegongwa namba: 1, 2, 3. Ukizitazama kwa haraka zinafanana. Mlango wa paneli nne unataka namba 1 kwenye kiungo cha kwanza kutoka chini, namba 2 cha pili, namba 3 cha tatu. Juu kabisa kuna kishika rola chake, ambacho husogezwa ndani na nje. Bawaba za katikati zisizo na rola ni namba 1 zote.

Sababu ya namba hizo ni kwamba reli ya wima haisimami wima kamili. Chini iko karibu na mwimo, na kadiri inavyopanda inajitenga nao kidogo kidogo. Kwa hiyo tundu la rola kwenye bawaba namba 3 limewekwa mbali zaidi na paneli kuliko la namba 1, ili mlango ukifungwa ukae bapa dhidi ya mwimo wote. Ukianza kupanda tu, unaachana na mpira wa pembeni badala ya kuukwaruza njia nzima. Nilipoelewa hili niliipenda kazi ya aliyeubuni mlango huu.

Lakini nilielewa nikiwa nimeshachelewa. Shemeji alikuwa upande wa kushoto, akapanga sawasawa. Mimi upande wa kulia niligeuza, 3 chini na 1 juu. Chini paneli ikawa inabana mwimo, juu unapitisha kidole na kuona barabara. Tukadhani reli imepinda. Tukalegeza vishikizo, tukasogeza, tukakaza, mara tatu. Jua linazama ndipo shemeji akaniambia, "Shemeji, hebu nisomee namba za upande wako." Mwaga bawaba zote chini kabla ya kuanza, uzipange kwa namba, kila kundi mahali pake.

Bolti zinazounganisha reli ziingizwe kutokea ndani, kichwa bapa ndani na nati nje, maana nati ikiwa ndani rola itagonga. Kati ya ukingo wa paneli na reli acha nafasi ya upana wa kidole, na iwe ile ile juu mpaka chini. Reli za kulala zining'inizwe kwa vyuma vya pembe vyenye matundu, vilivyofungwa kwenye boriti zenyewe za dari. Jipsamu haibebi kitu. Ongeza chuma cha mshazari kuzuia reli zisiyumbe, kisha pima mshazari kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili vikitofautiana, mlango utakwenda upande. Usiinue mlango hata kidogo kabla ya hapo.

Fundi aliporudi nilisimama mbali nikimtazama. Springi za mlango mpya ni mbili na hazifanani, moja imesokotwa kulia na nyingine kushoto, kwa hiyo usizichanganye unapozipitisha kwenye shafti, ile fimbo ndefu iliyo juu ya mlango. Alibana reli kwa klampu juu ya rola ili mlango usiruke. Akachora mstari wa chaki kwenye kila springi. Akachukua fimbo mbili za chuma zinazokaa sawasawa kwenye matundu ya kichwa cha springi, si bisibisi, akasimama kando, kamwe si mbele yake. Robo mzunguko, fimbo nyingine inaingia, robo nyingine. Alihesabu 30, yaani mizunguko saba na nusu, kwa mlango wa futi 7. Ule mstari wa chaki ukawa unazunguka springi kama mlia, nawe unauhesabu kwa macho.

Kwa mnaopakia milango hii kwenye kontena kupeleka Tanga au Mombasa: pima kwanza nafasi ya juu ya tundu la mlango, iwepo kama sentimita 30. Ubao wa katikati unaobeba springi ufungwe kwenye linta ya zege kwa bolti za kupanuka. Tofali tupu litamomonyoka. Chagueni vyuma vilivyopakwa zinki, maana upepo wa bahari hauna huruma na chuma.

Kabla ya kufunga mota ya kuufungua mlango, inua mlango kwa mkono mpaka nusu, uuachie. Ukibaki hapo hapo, springi ziko sawa. Ukishuka au kupanda wenyewe, mwite fundi arekebishe. Mota haikuwekwa kubeba uzito ambao springi zimeshindwa. Reli zifute zikauke, usizitie grisi, itakusanya vumbi. Mafuta yaende kwenye bawaba, springi na beringi za rola.

Mota ikishafungwa, toa kamba ya zamani ya kuvutia mlango, maana mtoto anaweza kunaswa nayo. Yale macho mawili ya umeme, yanayouzuia mlango kushuka mtu au kitu kikiwa njiani, yasizidi inchi 6 kutoka sakafuni; hapa Marekani kinga ya namna hiyo ni sharti la sheria kwa mota za nyumbani tangu mwaka 1993. Kila mwezi mimi hulaza ubao chini ya mlango na kuufunga. Unagusa ubao, unarudi juu. Mwanangu mdogo ndiye anayeleta ubao.