Shangazi, mwalimu wa bale anataka nijipake poda nyeupe

Mwanangu, barua yako ilibidi niiweke pembeni kwanza hasira zishuke. Yani una miaka 17, darasa zima mweusi ni wewe tu, mwalimu anakwambia ujipake poda nyeupe kwa ajili ya Swan Lake, bale ya mabata maji, eti ili mabata maji wote wawe rangi moja, na ulipogoma akasema mwili wako unafaa densi za kisasa. Sasa unauliza ujipake tu yaishe ama uachane na bale.

Usijipake. Na kuacha pia usiache, sio kwa maneno ya huyo.

Hayo uliyoambiwa ni ya zamani sana. Janet Collins wa Marekani aliambiwa hivyohivyo akiwa binti mdogo, akipaka uso mweupe anachukuliwa, akakataa, na mwaka 1951 akawa densa mkuu pale Metropolitan Opera, jumba la opera la New York. Na juzijuzi tu, 2020, Chloé Lopes Gomes akasema hadharani kwamba kwenye bale ya taifa ya Berlin alitakiwa ajipake nyeupe kwa Swan Lake hiyohiyo, akaenda kudai haki yake na wakamlipa fidia.

Sasa hilo la mwili. Akikwambia goti halijanyooka au nyonga hazijafunguka, pokea, hata kama humpendi, hiyo ni kazi yake na inarekebishika. Lakini "mwili wako haufai" si sahihisho, muulize palepale, kwa adabu, ni kitu gani hasa nirekebishe mwalimu? Akikosa jibu ushajua. Francesca Hayward mama yake Mkenya, kazaliwa Nairobi, na 2016 akapandishwa kuwa densa mkuu Royal Ballet ya London, sijui yeye mwili wake aliutoa wapi.

Halafu hizo taitsi za pinki mnazovalishwa, hapo mwalimu wako kajifunga mwenyewe maana anapenda kuongelea mstari, yani mwili kuonekana umenyooka bila kukatika. Taitsi na kiatu vinafanana na ngozi ili mguu uonekane mmoja kuanzia nyonga hadi kidoleni, sasa wewe ukivaa pinki mguu unakatika na kiwiliwili, ndo maana Dance Theatre of Harlem, kundi la bale la New York aliloanzisha Arthur Mitchell na mwenzake mwaka 1969, wanavaa rangi ya ngozi zao. Freed ya London wanauza viatu vya ncha (vile vya kusimamia vidole) vya kahawia tangu 2018, ukivikosa paka fandesheni yako kwa sponji kwenye satini, wengi wanafanya hivyo. Mwambie mwalimu unataka mstari wako uwe mzuri, uone atasemaje.

Usiende peke yako lakini, bado mdogo, mchukue mzazi, na kila alichokwambia andika na tarehe. Wakigoma, peleka malalamiko kwa uongozi kwa maandishi, na huku unatafuta usaili kwingine kimyakimya, usingoje mpaka onyesho lipite.

Ila mama yako ushamwambia? Kwenye barua hujamtaja kabisa. Anza na yeye leo.