Jibu: "generously", "kindly" na ukarimu wetu

Salama mkuu. Umeuliza kwa nini mwalimu amekata sentensi zako mbili, "They welcomed us generously" na "She gave kindly me a lift".

Ya kwanza imeponzwa na neno ukarimu. Kwetu, anayekukaribisha vizuri ni mkarimu, hata kama amekupa maji tu. "Generously" hudai kitu kilichotolewa kwa wingi: fedha, muda, chakula. "He tipped generously" iko sawa. Kwa mapokezi andika "They welcomed us warmly".

Ya pili kosa ni mahali pa "kindly" tu. Usitenganishe kitenzi na anayetendewa: "She kindly gave me a lift". Ila angalia, ukihamisha neno hilo, maana inaweza kuhama. "He kindly spoke to us" ni kwamba alifanya hisani kuzungumza nasi. "He spoke kindly to us" ni kwamba maneno yake yalikuwa ya upole. Wengi hukosea hapa bila kujua.

Halafu "friendly". Ina -ly kama vielezi vile viwili, lakini yenyewe ni kivumishi, kwa hiyo "He spoke friendly" si sahihi. Sema "in a friendly way".

Na ile "Kindly send the report" ya maofisini kwetu? Kwetu ni adabu, lakini kwa Mwingereza inaweza kusikika kama karipio. Ukimwandikia yeye, tumia "please".