Milioni sita za shule: vishikwambi au vitabu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Chamwino. Wazazi tulichanga baada ya kuuza alizeti, na kijana mmoja aliyesoma hapa akatuongezea, tukafikisha shilingi milioni 6. Nusu ya kamati wanataka vishikwambi 20 vya darasa la kwanza na la pili, kila kimoja shilingi 300,000. Nusu wanasema ni kutupa hela. Umeme tunao wa jua, ofisini tu. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba, mwenyekiti. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana hela ya alizeti naijua inavyotoka jasho.

Wanaotaka vishikwambi wasibezwe. Mkoani Tanga, kati ya 2017 na 2019, shindano la kimataifa la XPRIZE, la kutafuta programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma mwenyewe, liligawa vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170. Wengi hawakuwa wamewahi kukanyaga darasa, na tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, wasioweza walipungua kwa nusu. Hilo si dogo! Lakini kule kila mtoto alikuwa na chake, na masomo yalitungwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi wengi mno, na watafiti walipopima hawakuona nafuu katika kusoma wala hesabu. Basi mwulizeni muuzaji wenu: ndani ya vifaa hivyo mna nini? Akianza kuwaeleza ukubwa wa betri, rudini nyumbani.

Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka 31. Likizo iliyopita nilikaa na mjukuu wangu na kishikwambi cha mama yake. Ikaja picha ya mbuzi, na maneno manne chini yake. Akabonyeza la kwanza, kikaguna. La pili, kikaguna. La tatu, nyota zikaruka, naye akapiga makofi. Nikampa kijiti, nikamwambia aandike "mbuzi" hapo mchangani. Akaandika "buzi". Hiyo "m" ya mwanzo mtoto haipati kwa kubahatisha. Anaipata akifunga midomo, mwalimu akimtazama usoni, kisha aandike, afute, aandike tena.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo kifaa kinanishinda, nakiri. Mtoto anayetoka nyumbani na Chigogo peke yake anahitaji kusikia neno lilelile la Kiswahili mara ishirini, na mwalimu mwenye watoto 90 hana pumzi hiyo. Kishikwambi hakichoki.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye kikao chenu ningesema nunueni vinne, visiwe ishirini. Hiyo ni 1,200,000. Watoto watano watano wakizunguke kimoja na kusikiliza hadithi kwa zamu, wengine wakisoma na mwalimu. Wekeni 400,000 za kabati la chuma lenye kufuli na 400,000 za matengenezo, maana vumbi letu la Agosti linaingia hadi kwenye tundu la chaji. Zinabaki milioni 4. Kwa kitabu cha hadithi cha shilingi 4,000, hivyo ni vitabu 1,000, ambavyo mtoto anaweza kwenda navyo nyumbani akamsomea bibi yake jioni. Kikichanika, gundi ipo.

Na kabla hamjatoa hata senti, ulizeni walimu wenu kuhusu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, ambavyo serikali iliwagawia walimu baadaye. Kama vipo na vinawaka, mmeokoa hela. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania viko bure kwenye maktaba mtandao yake. Mwalimu akienda mjini kwenye mtandao mzuri aangalie kama vinaweza kupakuliwa.

Jambo la mwisho, nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeliona katika shule niliyofundisha: vitabu vipya vilikaa kabatini mwaka mzima visije vikachafuka. Ufunguo wa kabati lenu uwe kwa mwalimu wa darasa la kwanza.