Leseni ya baa iende na maegesho ya usiku

Mhariri, mmeuliza halmashauri zifanye nini kupunguza watu wanaoendesha wakiwa wamelewa. Naishi Isevya, Tabora mjini, na mimi ningeanzia kwenye leseni za baa.

Kupima ulevi na kutoza faini ni kazi ya trafiki. Kikomo cha sheria yetu ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi 50. Natamani Bunge likishushe. Ila leseni za vileo zinatolewa hapa hapa, na manispaa ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo.

Muulize anayepepesuka nje ya baa saa sita usiku kwa nini haiachi pikipiki. Atakwambia itaibiwa. Pengine ni ya mkataba, hajamaliza kumlipa tajiri, na ikipotea familia nzima inalala njaa. Hofu hiyo ni ya kweli kabisa. Faini haiwezi kuishinda, kwa sababu faini ni ya labda na wizi anauona kila siku. Basi asipewe leseni mwenye baa asiye na uzio, mlinzi wa usiku na daftari la vyombo vilivyolala. Asubuhi mtu achukue chombo chake bila kudaiwa hata shilingi. Baa ndogo za jirani zichangie eneo moja. Najua wenye baa watalalamikia gharama, lakini faida ya pombe hiyo wameshaitia mfukoni wao.

Vilabu vya wanzuki, pombe ya kienyeji ya asali, navyo viingizwe. Chupa ya bia imeandikwa kiwango cha kilevi. Kopo la wanzuki halina maandishi, mnywaji hajui amefika wapi. Wakulima wakishalipwa fedha za tumbaku vilabu hivyo hujaa, na hapo ndipo manispaa ikae na polisi wapange doria za usiku kwenye barabara za mitaani pia. New South Wales, Australia, walianza kupima madereva bila kuchagua mwaka 1982 na vifo vikapungua, maana kila dereva alijua zamu yake inaweza kufika.

Mlevi naye lazima afike nyumbani. Kijiwe cha bodaboda kilicho jirani na baa kisajiliwe na ofisi ya mtaa, na kiongozi wake awe na haki ya kumnyima abiria dereva mwenzake aliyekunywa.